Kuitupa Karata Njema: Busara, Woga na Hesabu ya Hasara katika Mashindano ya Poka

Makala haya yanachunguza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza halielekei kuwa na mnasaba wowote na uhakiki wa fasihi: ni wakati gani mchezaji wa poka aliye katika mashindano anapaswa kuitupa karata njema? Hatusemi karata mbaya. Kuitupa karata mbaya hakuhitaji falsafa. Kila mtoto aliyewahi kuketi barazani na wachezaji anajua hivyo. Swali letu linamhusu yule anayeshika karata ambayo kwa hesabu zote ina uwezekano mkubwa wa kushinda kuliko kushindwa, na ambaye hata hivyo anaiweka mezani kifudifudi, analiacha dau alilokwisha kulitia, na kukaa akiwatazama wenzake wakiendelea. Je, huyo ni mwenye busara au ni mwoga? Na sisi tulio watazamaji, tunamhukumu kwa kigezo gani?

Tahadhari mbili zinafaa kutangulia. Ya kwanza ni ya istilahi. Mwanafunzi wa Kenya anaposikia neno poka, aghalabu hukumbuka mchezo wa mabwenini ambamo mshindi ni yule anayezimaliza karata za mkononi mwake kabla ya wenzake. Huo ni mchezo mwingine kabisa. Poka inayozungumziwa hapa ni ile ya Marekani, hususan aina iitwayo Texas Hold'em. Tahadhari ya pili ni ya maadili. Kamari imeharamishwa waziwazi katika Uislamu, na wako Wakristo wengi ambao nao hawaipi nafasi. Makala haya hayaitetei. Lakini mhakiki halazimiki kukipenda kitu ili akisome. Lau ingekuwa hivyo, sehemu kubwa ya nathari ya Kirusi ya karne ya 19 ingebaki kwenye rafu bila kufunguliwa.

Aidha, si sisi wa kwanza kulitoa suala hili katika ukumbi wa kamari na kulileta katika maktaba. A. Alvarez, mshairi na mhakiki wa Kiingereza aliyekuwa mhariri wa mashairi katika gazeti la The Observer, na ambaye kitabu chake juu ya fasihi na kujiua, The Savage God, kilitoka mwaka 1971, alisafiri hadi Las Vegas mwaka 1981 kuyatazama mashindano makuu ya poka katika kasino ya Binion's Horseshoe. Kitabu alichoandika, The Biggest Game in Town, kilichapishwa mwaka 1983. Mwandishi wa Kimarekani James McManus alitumwa huko na jarida la Harper's mwaka 2000 ili aandike habari. Akaingia mashindanoni mwenyewe na kumaliza katika nafasi ya 5, kisha akatoa kitabu mwaka 2003. Kwamba watu waliozoea kusoma beti na sura za riwaya wamevutwa na meza hiyo si sadfa. Poka ni mchezo wa kusoma. Mchezaji anayaona machache, anafichwa mengi, na analazimika kutoa fasiri kabla ya kuujua ukweli.

Mchezo na hesabu yake

Kwa wasioufahamu mchezo, maelezo mafupi yatatosha. Kila mchezaji hupewa karata mbili ambazo ni yeye pekee azionaye. Karata tano nyingine hufunuliwa mezani kwa awamu, na hizo ni za wote. Mwenye mkusanyiko bora wa karata tano kati ya zile saba ndiye mshindi. Katika kila awamu mchezaji anaweza kuongeza dau, kulilipa dau la mwenzake, au kuzitupa karata zake na kujitoa. Akijitoa, alichokwisha kukitia hakirudi. Na iwapo wote wamejitoa isipokuwa mmoja, huyo mmoja huchukua kila kilichomo bila kuonyesha alichoshika. Jambo hili la mwisho lina uzito mkubwa na tutalirudia.

Tofauti iliyopo kati ya mchezo wa pesa taslimu na mashindano ndiyo inayolizaa swali letu. Katika mchezo wa taslimu, kila chipu ni pesa. Aliyepoteza hutia mkono mfukoni akanunua nyingine, na anayetaka kuondoka huondoka na alicho nacho. Mashindano hayako hivyo. Mtu hulipa kiingilio mara moja, hupewa chipu zisizoweza kuuzwa, na zikimwishia anaondoka. Mashindano makuu ya Las Vegas yalianza mwaka 1970, na mwaka huo wa kwanza mshindi, Johnny Moss, alichaguliwa kwa kura za wachezaji wenzake. Ni kuanzia mwaka 1971 ndipo ukafuatwa utaratibu wa kucheza hadi mmoja abaki. Siku hizi ni kawaida yule anayebaki mwisho, mwenye chipu zote za ukumbi mbele yake, asipewe pesa zote. Hupewa zawadi ya kwanza. Nyingine huwa zimekwenda kwa waliomfuata. Kwa hiyo chipu unayoipata haina thamani sawa na chipu unayoipoteza. Ya kupoteza ni ghali zaidi.

Tuchukue mfano tulioubuni wenyewe. Wamebaki wachezaji watatu, kila mmoja ana chipu 1,000, na zawadi ni shilingi 50,000, 30,000 na 20,000. Kwa kuwa wako sawa, sehemu ya kila mmoja katika fungu lile la 100,000 ni takriban 33,333. Mmoja wao anazisukuma chipu zake zote katikati. Wa pili atafakari: nikimlipa na nikashinda, nitakuwa na chipu 2,000 kati ya 3,000, yaani nafasi mbili kwa tatu za kuipata zawadi ya kwanza na moja kwa tatu ya kuipata ya pili, thamani yake ni 43,333. Nikishindwa, naondoka na 20,000. Kushinda kunaniongezea 10,000 na kushindwa kunaninyang'anya 13,333. Tukiyaacha kando madau madogo ya lazima, huyu anahitaji karata yenye uwezekano wa kushinda usiopungua asilimia 57. Akiwa na karata ya asilimia 55, ambayo katika mchezo wa taslimu angelipa bila kusita, hapa akilipa anajipunja shilingi 500 kwa wastani. Ana karata njema, na anapaswa kuitupa.

Hesabu ya namna hii inatokana na kanuni iliyochapishwa na David Harville mwaka 1973 kwa ajili ya mashindano ya farasi, yaani kukadiria ni farasi gani atamaliza wa pili na wa tatu. Mason Malmuth akaieleza kwa wachezaji wa poka mwaka 1987. Ni kadirio tu. Haijui nani ni mchezaji hodari na nani ni mchovu.

Lakini linalotushughulisha zaidi katika mfano huo ni yule mchezaji wa tatu, ambaye hakufanya lolote. Wenzake wawili wakipambana na mmoja akatoka, yeye aliyeketi kimya na chipu zake 1,000 anajikuta na sehemu yenye thamani ya 36,667. Ameongezewa zaidi ya shilingi 3,300 bila kugusa karata. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: wahenga hawakuwa na kanuni ya Harville, lakini jambo lenyewe walilijua. Katika mashindano, gharama ya ujasiri wa wawili hulipwa kwa mtu wa tatu.

Hali ya kupindukia hutokea katika mashindano ya mchujo, ambamo zawadi si pesa bali ni nafasi ya kuingia katika mashindano makubwa zaidi. Tuseme wamebaki watu 10 na nafasi ni 9, zote sawa. Mchezaji mmoja amebakiwa na chipu za kumfikisha mzunguko mmoja tu. Wewe ni wa pili kwa wingi wa chipu. Wa kwanza anazisukuma zake zote dhidi yako. Unafunua karata zako unaona jozi ya ree, karata bora kuliko zote mwanzoni mwa mchezo. Hata mwenzako akiwa na jozi ya wazungu wa nne, utamshinda takriban mara 82 katika kila 100. Jibu sahihi ni kuzitupa. Ukishinda utapata nafasi moja, ile ile ambayo ungeipata kwa kukaa kimya. Ukishindwa umeondoka mikono mitupu. Hapa hakuna mjadala wa falsafa wala wa hesabu, na mchezaji anayelipa kwa sababu tu "hizi ni ree" ameyasahau mashindano aliyoingia.

Neno nguvu

Msamiati wa karata katika Kiswahili ni urithi wa Mreno. Karata yenyewe, kopa, uru, shupaza, pau, ree, na hasa turufu, yote ni maneno yaliyofika pwani yetu kwa jahazi za Wareno, na ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba ree, ambayo kwa Kireno ni mfalme, kwetu ikaishia kuwa jina la karata ya moja, ilhali mfalme akaitwa mzungu wa nne. Neno turufu ndilo tunalopaswa kulitazama. Katika michezo ya turufu nguvu ya karata imetolewa na sheria. Turufu hula karata yoyote isiyo turufu, na iliyo kubwa kuliko zote haina mpinzani. Kutokana na hali hiyo tumepata msemo wa kumwelezea mtu mwenye hoja au cheo kisichopingika: ameshika turufu.

Poka haina turufu. Jozi ya wazungu wa nne ni njema dhidi ya watu wawili wasiosema kitu. Ni karatasi tu mbele ya mzee ambaye ametupa karata tangu saa mbili usiku na ambaye sasa, saa saba, anainua dau kwa mara ya kwanza. Karata zako hazikubadilika. Kilichobadilika ni maana yake, na kilichoibadilisha ni tendo la mtu mwingine. Kwa hiyo tunaposema "karata njema" tunatumia kivumishi kana kwamba wema ni sifa ya kitu chenyewe, na lugha yetu, iliyofundwa na turufu, inatusaidia kukosea. Anayeshindwa kuitupa jozi yake aghalabu si mwenye tamaa. Ni mtu aliyeamini kwamba alichopewa mwanzoni kinamstahilisha mwisho fulani. Husikika akilalamika baadaye: "Lakini nilikuwa na wazungu wa nne!" Hutamka kama mtu aliyedhulumiwa urithi.

Mhakiki anaujua ugonjwa huu. Mtu hupata fasiri nzuri katika ubeti wa tatu, akaipenda, na beti zinazofuata zikaanza kuipinga moja baada ya nyingine. Naye huendelea kuilipia hadi mwisho wa utenzi kwa sababu ilikuwa nzuri katika ubeti wa tatu.

Hadithi ya aliyejitoa

Sasa tuje kwenye hukumu. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, walitoa makala mawili yaliyojibizana juu ya kile walichokiita bahati ya kimaadili. Williams alimchukua mchoraji aliyemfananisha na Gauguin, anayeiacha familia yake ili akaishi mbali na kuchora. Akadai kuwa kama kitendo hicho kina utetezi wowote, utetezi huo hauwezi kupatikana ila kwa matokeo: awe kweli mchoraji mkubwa. Kabla ya hapo hajui, na hakuna amjuzaye. Nagel kwa upande wake alionyesha jinsi hukumu zetu za maadili zinavyotegemea mambo yasiyokuwa katika uwezo wa mtendaji, ingawa tunapoulizwa tunakana.

Wachezaji hodari wa poka hujifunza kinyume cha hayo. Hufundishana kwamba uamuzi usipimwe kwa karata iliyofunuka baadaye, bali kwa yale yaliyojulikana wakati wa kuamua. Ni mafundisho mazuri, na kwa kiasi kikubwa ni ya kweli. Lakini yanapita juu ya tofauti moja ambayo mwanafasihi hawezi kuikosa. Anayelipa dau hupata matokeo: karata hufunuliwa, amekosea au amepatia, hadithi imekwisha. Anayejitoa hapati kitu. Mpinzani wake hana wajibu wa kumwonyesha alichoshika. Anakusanya chipu, karata zinachanganywa, na lile swali linazikwa kwenye rundo. Kwa hiyo Gauguin wa Williams, akifaulu au asifaulu, atakuwa na mwisho. Aliyebaki nyumbani na brashi zake kabatini hatakuwa nao kamwe. Bahati ya kimaadili ni anasa ya waliothubutu.

Hapa ndipo tunapoona kwa nini fasihi haimpendi anayejitoa. Simulizi huhitaji ufunuo. Watu wanasimulia hadi leo jinsi Jack Straus alivyodhani amekwisha mashindanoni mwaka 1982, akaikuta chipu moja imebaki mezani, na akatoka nayo hadi kuwa bingwa. Nani atasimulia juu ya mtu aliyeitupa jozi ya malkia saa tisa alasiri na akamaliza wa 14? Huenda ule ndio uliokuwa uamuzi bora kuliko wote uliofanywa ukumbini siku ile, na hata yeye mwenyewe hana njia ya kuthibitisha.

Hadithi ya Pushkin, Malkia wa Shupaza, iliyochapishwa mwaka 1834, husomwa mara nyingi kama onyo dhidi ya tamaa. Hermann, afisa mhandisi mwenye asili ya Kijerumani, huketi usiku kucha akiwatazama wenzake wakicheza bila yeye kugusa karata. Hana mali ya kuchezea. Mzimu wa bibi mzee unamfunulia karata tatu: tatu, saba, ree. Usiku wa kwanza anaweka rubo 47,000 juu ya tatu, anashinda. Usiku wa pili anaweka 94,000 juu ya saba, anashinda. Usiku wa tatu anaamini ameweka ree, kumbe mkononi mwake mna malkia wa shupaza, na anaishia katika hospitali ya wendawazimu. Wanaoiona kama funzo juu ya kutojua kuacha husema kwamba angerudi nyumbani na rubo zake 188,000. Kwa maoni yetu usomaji huo unampunguzia Pushkin makali. Hermann hakushindwa kwa sababu alihatarisha kupita kiasi. Siri aliyopewa ilikuwa ya kweli. Ree ilitokea kweli, na kwa upande wa mshindi. Alishindwa kwa kutoiangalia karata aliyoichomoa. Kwa maneno mengine, mtu aliyeijua kwa uhakika karata itakayoshinda hakuijua aliyoishika. Swali la kujitoa haliwezi kuulizwa kwa usahihi kabla ya hili: una hakika ni nini kilichomo mkononi mwako?

Nani aliyeiandika orodha ya zawadi?

Kufikia hapa msomaji anaweza kudhani tunamtetea yule mwenye tahadhari dhidi ya wote. Methali nazo zingetuunga mkono. Kenda karibu si kumi nenda uje. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hata hivyo hesabu ile ile ina upande wa pili usiopendeza, na itakuwa udanganyifu kuuficha.

Kwanza, kujitoa si bure. Madau ya lazima huzunguka meza na hupandishwa kila baada ya muda uliowekwa. Anayengoja karata kamilifu anakufa polepole, naye akidhani anaishi. Pili, na hili ndilo zito zaidi, tahadhari ya mmoja ni silaha ya mwingine. David Sklansky ameeleza kwa muda mrefu kwamba anayelipa dau huhitaji karata bora kuliko anayelianzisha, maana mwanzishaji ana njia mbili za kushinda: karata zake, au kujitoa kwa mwenzake. Katika mfano wetu wa watatu, aliyetangulia kuzisukuma chipu zake amemtwika mwenziwe mzigo wa asilimia 57. Kama anajua kwamba mwenziwe ni mtu wa hesabu, anaweza kusukuma akiwa na karata za ovyo kabisa. Na katika ule mchujo wa watu 10, mwenye rundo kubwa kuliko wote anaweza kuinyang'anya meza nzima, mkono baada ya mkono, kwa sababu kila mmoja kwa nafsi yake ana busara ya kutompinga. Hakuna aliyekosea hesabu. Jumla ya busara zao ndiyo nguvu yake.

Tumeyaona haya nje ya kasino, na hatuhitaji kutaja mahali.

Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) kuna mtu anayekataa hesabu hiyo. Kwanza ni yeye anayesisitiza subira: watu wana maji, wanaamini wameshika turufu, na yeye anawataka wangoje kwanza wawe kitu kimoja. Hawangoji. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kwa kipimo chochote cha faida ya mtu binafsi hana sababu ya kukataa. Vita vimekwisha kumwelemea, na neno moja ni nafuu kuliko kamba. Anakataa, kwa hoja kwamba akikiri, vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba walikosea kupigana. Mhusika huyu hajakosea asilimia. Ameikataa orodha ya zawadi iliyobandikwa na afisa, ambayo juu yake kabisa kumeandikwa uhai wa Kinjeketile, na chini yake hapakuandikwa kitu.

Poka haimruhusu mchezaji kufanya hivyo. Zawadi hutangazwa kabla ya mchezo na zote zinapimwa kwa kitu kimoja. Ndiyo maana swali la kutupa karata njema lina majibu sahihi ukumbini, na ndiyo maana majibu hayo hayawezi kuhamishwa nje ya ukumbi yakiwa mazima. Nje, hata kabla ya kuuliza uwezekano wa kushinda ni asilimia ngapi, mtu anapaswa kuuliza zile chipu mbele yake ni za nani.

Ninaeleza jambo moja kwa nafsi ya kwanza, na msomaji aniwie radhi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimekamilisha makala juu ya utenzi mfupi uliomo katika hati ya zamani, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, isiyo na tarehe. Kwa kawaida utenzi huo huhusishwa na mwanamume mmoja. Kwa ushahidi wa beti mbili za mwisho, na wa jinsi mwandishi anavyojitaja, nilikuwa nimeridhika kwamba uliotungwa ulitungwa na mwanamke, na nilimtaja jina. Hoja yangu haikuwa kamilifu, lakini ilikuwa njema. Ningeulizwa, ningesema asilimia 70.

Niliiwasilisha kwenye semina. Alikuwepo mzee mmoja, msomi wa hati hizo, mtu ambaye kwa miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kumpinga mtu hadharani. Nilipomaliza alisema kwamba yeye angekuwa mimi asingeichapisha. Hakueleza. Nilimfuata mlangoni, akaniuliza habari za watoto.

Nikaiondoa makala kwa mhariri wiki ile ile. Nilijieleza kwamba nimemsoma mzee vizuri: mtu asiyeinua dau akiliinua, ana kitu. Bado nadhani fasiri hiyo ilikuwa sahihi kama fasiri. Lakini kulikuwa na jambo la pili ambalo sikulisema kwa mtu. Nilikuwa na mahojiano ya kupandishwa cheo mwezi uliofuata, na mzee yule alikuwa miongoni mwa ambao wangeulizwa juu yangu. Makala moja zaidi isingeniongezea kitu kwenye mahojiano hayo. Makala moja yenye kosa ingeniangusha. Hesabu yangu ilikuwa ya mchujo ule wa watu 10. Nilizitupa ree, nikapata nafasi.

Kilichonisumbua baadaye ni kwamba dau nililoliacha mezani halikuwa langu peke yangu. Mwanamke yule, kama kweli ndiye, hana mtu mwingine aliyewahi kumtaja kwa maandishi. Katika mapitio mawili ya utenzi huo yaliyotoka tangu wakati ule, jina lililopo ni la mwanamume.

Mzee amefariki. Familia yake ilinipa nakala yake ya hati hiyo pamoja na karatasi nyingine. Pambizoni mwa ubeti wa mwisho, mahali pale pale nilipoijengea hoja yangu, pana mstari wa wima uliochorwa kwa penseli, umekolezwa mara mbili. Hapana neno lolote kando yake. Makala yangu bado ninayo.